Kurudisha Kamba Bila Kuachia

Mwende wangu,

Mama yako amepiga pasi nguo zako zote, mpaka soksi. Wewe umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na nyumba imenyamaza, ndiyo nimepata nafasi ya kukalia kiti chako na kushika kalamu. Mambo ya baridi, chakula, simu na watu wa kuogopa njiani ameshakuambia mama yako, na kesho atakuambia tena ukiwa umeshaingia kwenye gari. Huko sina la kuongeza. Mimi nimebaki na swali lako.

Jumapili tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada. Ulikuwa unachovya mkate, hata hukuniangalia. Ukasema, “Baba, hao watu wa Namibia wakiniambia nipige mnyama, ungekuwa mimi, ungepiga?”

Nikasimama. Nikasema, “Ngoja niangalie kuku.”

“Kuku gani?” mama yako akasema. “Si tuliwala Krismasi?”

Nawe ukacheka, “Ai, Baba ametoroka swali!” Na kweli nilikuwa nimetoroka. Nilisimama huko nyuma karibu na tangi la maji mpaka nikajua chai yangu imepoa, na niliporudi mlikuwa mnaongea habari ya viatu. Hukuniuliza tena. Nimekaa wiki nzima nikingoja uniulize tena, huku naomba usiniulize.

Naijua kazi unayoiendea. Umenieleza mara nyingi na mimi nimeirudia kichwani nikikata nyasi za watu. Hapa kwetu sheria haikubali mtu kuwinda. Huko kuna mashamba makubwa ya kufuga wanyama wa porini, na wageni wanakuja na pinde zao kuwinda kwa kibali. Wewe utafunzwa kuwaongoza, kusoma nyayo, kumfuata mnyama aliyepigwa mpaka apatikane. Lakini kabla hawajakuamini na wageni, kila mwanafunzi lazima atoke na upinde wake mwenyewe, apige mnyama mmoja, na mnyama afe upesi, bila kuteseka. Asiyeweza anarudishwa kwao. Hapo ndipo roho yangu imekwama, Mwende. Naogopa utaweza. Naogopa hutaweza. Lakini kitu kinachonitisha kuliko hivyo viwili ni kwamba utaachia mshale kwa sababu unaogopa kurudishwa.

Acha nianze mbali kidogo, maana swali lako halijaanzia Jumapili.

Unakumbuka upinde ulivyokuja nyumbani. Yule mpangaji wa Membley, kule ninakokata nyasi, alikuwa anahama, nikamsaidia kubeba vitu, akanionyesha rundo la vitu asivyovitaka. “Mzee, chukua hiyo uwashe moto.” Mimi nikaona upinde. Mti mzuri, umelainishwa mpaka unang'aa, ncha zake mbili zimekunjwa kama kucha. Nilitoka nao getini nikiwa nimeufunga kwa gunia, na yule kijana wa lindo akanisimamisha.

“Buda, hiyo ni nini?”

“Ni upinde.”

“Wa kuwinda nani? Huku kwetu kumebaki paka tu.”

Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa kama mtu aliyeokota kitu cha marehemu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano. Ukaushika, ukaunusa, ukaniuliza kama babu yako alikuwa na kama huu. Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Upinde wa babu yako kule Yatta ulikuwa mti mnyoofu, na kamba yake ilikuwa ya mshipa wa ng'ombe. Lakini macho yako yalikuwa yamewaka, nami sikutaka kuonekana baba asiyejua kitu cha kwao.

Basi nikaufunga kamba. Nilitazama zile ncha nikaona zimeanza kujikunja upande mmoja, nikasema moyoni, kama kitu kimeanza kuelekea huku, huku ndiko kinakotaka. Nikausukuma kwa goti, nikakaza. Tukaenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe, tukasimamisha gunia la maganda ya mahindi mbele ya ule ukuta wa mwamba. Mshale ulitoka kama mtu anayelazimishwa kwenda kazini. Ulianguka hapo mbele ya miguu yako.

“Baba, hata nikirusha na mkono unafika mbali kuliko hivi.”

“Ni upepo,” nikasema.

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Tuliendelea hivyo Jumamosi nyingi, mimi nikikufundisha kwa sauti kubwa. Mama Njeri, jirani yetu, akitupita na karai lake la nguo: “Baba Mwende, huyu msichana unamtayarishia vita gani? Ama ni ya mkwe?” Nawe hukulalamika. Mishale michache iliyofika mbali ilikosa gunia, ikagonga mwamba ikapasuka, na tukaihesabu kuwa ndiyo mizuri.

Halafu mtu akatuambia kuna kocha Ruiru, anafundisha vijana kulenga shabaha katika uwanja wa shule. Tukaenda. Akaupokea upinde, akaugeuza, akaugeuza tena, akakohoa.

“Mzee wangu, nani alifunga hii kamba?”

“Ni mimi.”

“Si mbaya. Ni kama sweta tu. Umeivaa nyuma mbele.”

Akautoa kamba, akaukunja upande wa pili, zile ncha zikabaki zinatazama mbele, zikikimbia mbali na mwenye kuushika. Hapo ndipo nilipoona ulivyotakiwa kuwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Vijana wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini masikio yaliniwaka moto, na huo moto ndio ulikuja kukuunguza wewe.

Maana upinde ulipofungwa vizuri ulikuwa mzito. Kocha aliuvuta mara moja akasema huu ni wa mtu mzima aliyezoea. Akakupa mwepesi, wa mwanafunzi. Kwa muda mrefu hakukupa hata mshale. Alikwambia uvute, ulete mkono mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, ushikilie, kisha urudishe kamba polepole mpaka ilale. Vuta, shikilia, rudisha. Mimi nikikutazama niliona ni mchezo wa watoto. Tukifika nyumbani nakutolea ule mzito. “Vuta kama mtu ameshiba,” nilikuwa nakwambia. Bega lako linapanda mpaka sikioni, mkono unatetemeka, na mimi nasema bado, bado, shikilia.

Mpaka siku ile ulishindwa kuchana nywele. Mama yako alikukanda kwa maji moto na chumvi, na mimi akawa ananipa chakula bila kuniangalia. Kocha alipokuuliza ulisema umeanguka kwenye ngazi. Sisi nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, Mwende. Ngazi gani? Mimi shemasi wa kanisa, nimesimama hapo kando, mtoto wangu anadanganya ili nisiaibike, na mimi natazama mishale kama mtu anayenunua.

Hayo unayajua. Lakini haraka ile ilitoka wapi, hilo hujawahi kusikia.

Nilikuwa kama umri wako wa wakati ule. Babu yako alikuwa bado anatoka na upinde, kimyakimya, kwa sababu ilikuwa imekatazwa na sisi tulikuwa na njaa. Asubuhi moja alinipa mimi. Alikuwa hapo hatua chache nyuma yangu. Digidigi alitoka kwenye kichaka akasimama, unamjua, yule swala mdogo wa macho makubwa, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Nikavuta. Upinde ule ulikuwa mzito kuliko mimi. Nilimwona vizuri sana, na nilijua siko sawa, ncha ya mshale ilikuwa inacheza, lakini mkono ulikuwa unaungua na baba yangu alikuwa nyuma yangu. Nikaachia.

Mshale ulimwingia tumboni. Akaruka, akapiga kelele moja nyembamba, akakimbia nao.

Babu yako hakunipiga. Alisema, “Umeachia kwa sababu umechoka kushikilia. Hukuwa tayari.” Kisha akasema, “Twende.”

Tulifuata damu. Mwanzoni ilikuwa kwenye majani, rahisi kuiona, halafu ikawa tone hapa na tone kule kwenye jiwe, halafu hakuna. Nilikuwa naomba huku natembea. Sikuomba tumpate. Niliomba afe upesi. Niliomba kwa moyo wote, kama mtoto anavyoomba, na sijui kama nilijibiwa, maana jua liliisha tukarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake babu yako akaniamsha. “Nenda ukamtafute.” Nikamwambia, “Na wewe?” Akasema, “Ni wako.” Nilikwenda peke yangu. Nilipata mahali alipokuwa amelala, nyasi zimebonyea mahali padogo kama sahani, na nzi. Yeye hakuwepo. Yaani baada ya kulala hapo aliamka akaendelea kutembea. Nimeoa, nimepata watoto, nimeokoka, lakini ile sehemu ya nyasi ningali naiona.

Sikupiga tena. Babu yako alipofariki, mchwa walikuwa wameshakula upinde wake ukutani. Basi ulipoushika ule wa Membley, nilitaka kuona mtu wa nyumba yetu akivuta upinde mzito, mkono wake usitetemeke. Hiyo ndiyo haraka. Nilikubebesha mnyama wangu kwenye bega lako.

Sasa nikupeleke kwenye ile siku ya mashindano Ruiru, halafu nimalize, maana nasikia mama yako anasogeza sufuria na wewe huenda uko njiani.

Ulikuwa umebakiza mshale mmoja. Wazazi walikuwa wamejaa kando ya kamba ya uwanja, kuna mama mmoja alikuwa ameleta mpaka mwavuli wa kigari cha mtoto. Ukavuta. Kidole kikafika pembe ya mdomo. Ukashikilia. Nikaona umenyooka kama ukuta, bega limetulia chini, nikasema moyoni, huyu sasa amefika. Halafu ukarudisha. Polepole, kamba ikalala. Watu wakanong'ona. Ukavuta tena, ukashikilia, na mimi nikaona muda unaisha, nikapaza sauti mbele ya watu wote, “Achia!”

Ukarudisha tena. Filimbi ikalia. Mshale ukabaki mkononi mwako.

Kurudi nyumbani nilikusumbua njia nzima. “Kwa nini hukuachia?”

“Haikuwa tayari, Baba.”

“Ulikuwa umenyooka kabisa! Niliona!”

“Uliona kutoka nje.”

“Mshale mmoja tu, Mwende!”

“Si ndiyo maana?”

Nilikunyamazia siku mbili. Nilisema wewe ni mwoga. Nilimwambia mama yako hivyo, na najua ulisikia, pazia letu halizuii kitu. Na ilikuwa baadaye sana, niko Membley nimeinama na mkasi kwenye ua wa mtu, ikanijia kwamba nimemwona mtoto wangu akifanya kitu ambacho mimi nilishindwa kule kichakani, na nikampigia kelele kumzuia. Mkono ulikuwa unakuungua. Baba yako alikuwa nyuma yako. Na hukuachia. Nilikaa chini hapo kwenye nyasi, mwenye nyumba akatoka akaniuliza, “Mzee, uko sawa? Nikuletee maji?” Nikasema ni jua.

Sikukuambia. Kila siku nilisema nitakuambia. Ona ilivyofika, nakuambia kwa karatasi.

Kwa hivyo uliniuliza, ungekuwa mimi, ungepiga? Mimi nilikuwa wewe, na nilipiga. Zaidi ya hapo sijui. Nimeomba juma lote nipewe neno la kukupa, nimefunga Jumatano, na neno halikuja. Wengine kanisani wanasema mnyama aliumbwa tumle, wengine wamenivuta kando wakaniuliza binti anaendea kazi gani hiyo. Nami nimewajibu wote, “Tuombeane,” kwa sababu sina jibu. Baba anatakiwa awe na jibu siku kama hii. Nimetafuta mifuko yote.

Ninachokijua ni kidogo. Huko kutakuwa na mtu nyuma yako. Labda mkubwa wako, labda wenzako wanaotaka ushindwe, labda mtu mzuri tu mwenye haraka. Atasema achia. Atasema kwa sauti inayofanana na yangu. Kama uko tayari, wewe ndiwe utajua, na mimi sitakuwa na neno la kukuhukumu. Kama hauko tayari, una kile kitu kocha alikufundisha kabla hajakupa mshale. Kama ni kwa sababu hiyo watakurudisha nyumbani, rudi. Mama Njeri atasema yake, acha aseme, nitamwambia tulikutaka nyumbani.

Na kama umeachia na imekwenda vibaya, mfuate. Usikubali wakuambie twende, ameshakufa huko. Ukimkosa, kesho yake amka uende tena, lakini usiende peke yako kama mimi nilivyokwenda. Omba mtu. Mimi ningekuja, unajua ningekuja, hata kwa miguu hii. Lakini utakuwa huko na mimi niko Thika, na simu haiwezi kutembea kichakani na wewe. Utanipigia, nitasikia unalia, na nitakuwa nimesimama hapa karibu na tangi la maji nikisema pole, pole mwanangu, na hakuna kingine mikononi mwangu. Hilo nimejaribu kulizoea mapema, nimeshindwa.

Upinde wako, ule ule wa Membley ambao sasa bega lako limeuzoea, nimeutoa kamba jioni hii, polepole, vile kocha alitufundisha, nimeufunga kwa leso ya mama yako ile ya maua mekundu. Kamba iko kwenye mfuko mdogo wa begi pamoja na nta yake. Ukifika utaufunga mwenyewe. Ncha zitazame mbele. Ukiufunga nyuma mbele, hao watu wa huko watacheka, na hawatakuwa na haki ya kucheka kama sisi.

Kocha amesema atakuja na gari yake alfajiri, akufikishe uwanja wa ndege. Nitabeba begi lako mpaka barabarani. Utaniona sisemi kitu. Usidhani nimekasirika, na usidhani nimetoroka tena kwenda kuona kuku. Nitakuwa nimekushika mkono, na mkono wangu utatetemeka, utausikia. Kocha atapiga honi. Mama yako atasema, “Baba Mwende, mwachilie mtoto, atachelewa.”

Na nitakuachia, mwanangu, ingawa sitakuwa tayari. Hii yangu haina kurudisha.

Mungu akushike nitakapokuachia.

Baba yako